Nguo mbichi kwenye baridi ya Mbeya

Wenye watoto wa pumu ya ngozi wanaijua Julai ya huku kwetu. Baridi, hewa kavu, vumbi, na mtoto anajikuna usiku kucha mpaka shuka lina damu. Wa kwangu viwiko na nyuma ya magoti ndiko kunakowaka zaidi.

Daktari wa ngozi akatufundisha kumvisha nguo mbichi. Mama mkwe aliposikia akashtuka: "Nguo ya maji, kwenye baridi hii ya Uyole?" Siku hizi anazikamua mwenyewe, ingawa bado anaguna.

Mtoto anaoga maji ya uvuguvugu, si ya moto, dakika chache. Namkausha kwa kumgusagusa na taulo bila kusugua, nampaka mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Halafu namvisha mikononi na miguuni soksi ndefu za pamba nilizokata vidole (mitumba ya Mwanjelwa, bei ya kutupa), zimelowekwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa hadi zisidondoshe. Juu yake za kavu, kisha sweta. Maji yakikauka taratibu yanapoza mwasho, na mafuta yanashika vizuri.

Krimu zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) msizifunikie hivi kiholela jamani, zinaingia mwilini zaidi. Hapo ni maelekezo ya daktari tu. Na ngozi ikitoa usaha, usifunge, mpeleke hospitali.

Sasa nisaidieni: wa kwangu saa nane usiku anazivua za mikononi na kuzitupa uvunguni. Nyie mnafanyaje?