Kifurushi cha mtoto mgeni kisichoumiza mfuko

Sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto mdogo huku kwetu Mtwara haina orodha ya wageni inayoaminika. Mzazi anaweza kuwaalika watoto kumi, lakini muziki ukishafunguliwa na harufu ya pilau ikishavuka ua, watoto wa majirani huja, tena huja na wadogo zao mgongoni, na hakuna muungwana atakayewarudisha mlangoni. Kwa hiyo kina mama wenzangu wanaponiuliza ni zawadi gani ya bei nafuu inafaa kupewa kila mtoto anapoondoka, mimi huangalia kwanza kama kitu hicho kinaweza kuongezwa upesi pindi wageni wanapozidi. Kigari cha plastiki hakigawanyiki, ilhali sinia la kashata hukatwa vipande vidogo zaidi na kila mtoto akapata.

Ndiyo maana sivutiwi na vifurushi vilivyokwisha kufungwa dukani, vyenye filimbi, miwani ya plastiki na pete ya kung'aa. Filimbi hupasuka kabla mtoto hajafika kwao, na ikiwa haikupasuka, mama yake atakulaani usiku kucha. Kikomo changu ni shilingi 1,000 kwa kila mtoto, na kwa kiasi hicho hupatikana vitu viwili vya maana endapo mzazi atakuwa tayari kutumia mikono yake jioni moja.

Sisi watu wa Kusini tuna korosho, na ingekuwa ajabu kuziacha tukanunua pipi. Mavuno yakianza, kuanzia mwezi Oktoba, ni rahisi kupata korosho zilizobanguliwa kutoka kwa kina mama wabanguaji wa mtaani, na ukiomba zilizovunjika utauziwa kwa bei ya chini kuliko nzima, ingawa kwa kashata zilizovunjika ndizo bora. Yeyusha sukari kavu kwenye sufuria nzito kwa moto mdogo mpaka iwe na rangi ya asali, tia iliki kidogo, mimina korosho ulizokwisha kukaanga, kisha tandaza haraka kwenye sinia lililopakwa mafuta. Kata ingali moto, maana ikipoa itavunjika ovyo, na funga vipande kwenye karatasi siku hiyohiyo, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu na kashata iliyoachwa wazi hugeuka kunata kabla ya asubuhi. Familia ya Lindi yenye minazi uani inaweza kutumia nazi iliyokunwa badala ya korosho na kupunguza gharama zaidi.

Tahadhari mbili haziepukiki. Watoto walio chini ya miaka mitano hupaliwa kwa urahisi na korosho au karanga, hivyo wao waandaliwe kitu laini, kama kipande cha mkate wa kumimina. Pia wako watoto wenye mzio wa korosho, hata katika mkoa huu unaoishi kwa zao hilo, na ni vyema kumuuliza mzazi kabla ya kumkabidhi mtoto kifurushi. Korosho ambazo hazijabanguliwa zisiguswe na watoto kabisa, kwa kuwa mafuta ya ganda lake huunguza ngozi.

Kitu cha pili ninachokipenda ni unga wa kuchezea. Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi, ongeza kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula, kisha tia maji kidogo kidogo, yasizidi kikombe kimoja, huku ukikanda mpaka donge liache kushika vidole. Chumvi ndiyo inayozuia donge kuharibika upesi, nayo si ghali katika pwani yetu yenye mashamba ya chumvi. Bizari ya manjano hutoa rangi nzuri, ila inachafua nguo nyeupe, kwa hiyo iwe kidogo. Donge liwekwe kwenye kikopo chenye kifuniko, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewa na donge lililo wazi hulowa. Waeleze watoto kwamba haliliwi, kwani kwa chumvi iliyomo, si chakula.

Kuhusu cha kufungia, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Bahasha za kaki zinatosha. Hata hivyo, fundi cherehani huwa na vipande vya vitenge vinavyobaki, na ukimwomba kwa heshima siku ambazo hana kazi nyingi, atakushonea vifuko vidogo vya kamba kwa malipo ya kawaida. Kifuko cha namna hiyo mtoto atawekea kete, penseli au hela ya shule.

Ikiwa muda umekubana kabisa, kalamu za rangi zilizotolewa kwenye boksi na kufungwa tatu tatu na karatasi chache za kuchorea zinatosha. Kombe za baharini nazo zinavutia, lakini siziokoti kwa ajili hiyo, hasa upande wa Msimbati, ambako bahari imo ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2000.

Vifurushi vyote vifanane na visiandikwe majina, ili yule aliyekuja bila mwaliko asione kwamba hakutarajiwa. Vigawiwe mlangoni watoto wanapoondoka, si mapema, la sivyo kashata zitaliwa kabla ya keki kukatwa na vifuko vitapotea chini ya viti. Mtu mzima mmoja asimamie zoezi hilo, na akae na sinia la akiba karibu naye.