Siku 14 za Kwanza na Chatu Wetu

Binti yangu alianza kuomba nyoka akiwa na miaka 12. Mimi nimekulia Morogoro, ambako nyoka akionekana uani hutafutwa rungu kwanza, kwa hiyo ilinichukua miaka miwili kukubali. Kilichonilainisha ni kumjua nyoka mwenyewe. Ni yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye Wamarekani humwita chatu mpira, kwa sababu akiogopa hujikunja duara na kuficha kichwa katikati. Hana sumu, na ni nadra kuzidi mita moja na nusu. Pale Ouidah, Benin, ana hekalu lake. Porini hujificha kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, na hilo la vichuguu nililishika sana: kwao ni gizani, pembamba, penye joto na unyevunyevu.

Tunaishi Columbus, Ohio. Sheria ya jimbo ya mwaka 2012 inabana chatu wakubwa, lakini huyu hayumo. Mwenye nyumba nilimwomba ruhusa ya maandishi hata hivyo.

Kizimba tulikiwasha siku tatu kabla ya mgeni kufika, na ningependa kila mtu afanye hivyo. Tuliweka mapango mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jingine upande wa ubaridi, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya joto na maficho. Tukaweka bakuli zito la maji na kutandika karatasi za jikoni badala ya magome ya miti, maana juu ya karatasi nyeupe unaona kinyesi, damu au utitiri mara moja. Upande mmoja tulitaka nyuzi 32 za Selsiasi, mwingine 26, na unyevu wa hewa usiopungua asilimia 60. Usiku wa kwanza nilipopima chini ya pango la joto nikakuta nyuzi 42. Waya wa thamostati, kifaa kinachodhibiti joto, ulikuwa umechomoka kutoka juu ya mkeka wa joto ukawa unapima hewa ya chumba, na mkeka ukazidi kuwaka. Nyoka hukaa juu ya kitu kinachomuunguza bila kuondoka, akaungua tumbo zima. Niliubandika waya upya kwa gundi, nikapima asubuhi na jioni hadi nikaridhika. Ingekuwaje kama ningesubiri kukiwasha siku ya kumpokea?

Posta ya Marekani haipokei nyoka, kwa hiyo huletwa na kampuni binafsi za vifurushi, usiku kucha kwa ndege. Ilikuwa Machi, na usiku bado kuna barafu. Nilimwomba mfugaji amtume Jumatatu, ili kifurushi kikichelewa kisilale ghalani wikendi nzima, na nikaomba kibaki kwenye kituo nikachukue mwenyewe. Gari la kusambaza mizigo linaweza kuzunguka naye hadi jioni.

Saa nne kasoro asubuhi nilikuwa nimekaa garini, hita imewaka, boksi liko kwenye kiti cha pembeni. Nyumbani tukalifungua. Ndani lilikuwa limezungushiwa sponji ngumu nyeupe, kama ile inayofungiwa televisheni, na katikati kulikuwa na mfuko wa kitambaa uliofungwa fundo. Niligusa mfuko. Ulikuwa wa baridi.

"Baba, amekufa?"

Sikuwa na jibu. Pakiti ya joto ilikuwa imeteleza ikabanwa kwenye plastiki, ikapoa. Pakiti zile zina unga wa chuma unaoshika kutu haraka, na kutu hiyo ndiyo inayotoa joto. Bila hewa hakuna joto. Niliiweka mezani, na baada ya robo saa ilianza kupata moto yenyewe, wakati hatuihitaji tena.

Mikono yangu ilitaka kumweka chini ya taa ya moto, au kwenye maji ya uvuguvugu kama mtoto aliyenyeshewa. Bahati nzuri nilikuwa nimeshasoma kwamba nyoka aliyepoa hupashwa taratibu, kwa joto la kawaida la chumba, kwani kumpandisha ghafla kunaweza kumdhuru kuliko baridi yenyewe. Nikaupima mfuko na nyoka pamoja kwenye mizani ya jikoni, nikaulaza upande wa ubaridi wa kizimba, nikafungua fundo, nikafunika kioo kwa kanga ya mke wangu. Tukakaa sakafuni. Baada ya dakika 40 hivi ulimi ukachungulia, kisha kichwa. Alitoka mwenyewe, akapita ukutani polepole, akaingia pango la joto. Nilimwangalia alivyopita: mdomo umefungwa, hakuna mapovu puani, hakuna ngozi iliyokwama machoni. Nikapima mfuko mtupu na kutoa: gramu 112. Mfugaji nilimpigia saa ileile na kumtumia picha, pamoja na ya ile pakiti.

Binti akampa jina la Kitenge, kwa yale mabaka yake.

Kazi ngumu ilianzia hapo, nayo ni kutofanya kitu. Wiki nzima hakuna kumshika, hakuna kumwonyesha wageni, hakuna kuinua pango kuangalia kama yumo. Tulibadilisha maji tu na kunawa mikono kwa sabuni kila mara, maana reptilia hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata akiwa mzima. Kwenye bakuli nilitafuta vidoti vyeusi vya utitiri, sikuviona. Siku ya nne binti alilia. Alikuwa amesubiri miaka miwili, na sasa anaishi na kipande cha mkia. Nilimwambia afikirie yeye mwenyewe tulipotua Marekani akiwa na miaka sita, alivyokaa chini ya meza kwa shangazi yake siku mbili, na shangazi akawa anamsukumia sahani tu bila kumvuta. Alilikumbuka.

Siku ya nane tulimpa chakula: panya wa friza wa gramu 13, maana mlo wa chatu mdogo ni kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Tulimyeyusha ndani ya friji, kisha tukampasha kwenye maji ya moto hadi akawa na joto la mnyama hai. Chatu hawa huona joto kwa vishimo vilivyo mdomoni, panya baridi kwao ni kama jiwe. Kitenge alinusa, akarudi ndani. Tulimwacha panya usiku kucha, asubuhi tukamtupa. Hatukumrudisha friza wala kujaribu tena kesho yake. Aina hii inasifika kwa kugoma kula, na ukimsumbua kila siku anazidi kugoma. Niliamua nikiona amepungua sehemu moja ya kumi ya uzito ndipo nimpeleke kwa daktari anayejua reptilia.

Mama alikuwa akipiga simu kutoka Morogoro kila siku kuuliza kama tumeshaumwa. Nilimweleza kwamba chatu wa namna hii akitunzwa hufika miaka 30, na kwamba mwaka 2020, pale bustani ya wanyama ya Saint Louis, mmoja aliyezidi miaka 60 alitaga mayai. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mwanangu, huyo mnamlea hadi wajukuu."

Usiku wa siku ya 14, saa nne, tukazima taa, binti akashika koleo refu na kumtikisa panya kidogo mbele ya pango. Tulisikia mshindo mdogo tu. Nilipowasha tochi ya simu kwa mbali, Kitenge alikuwa amemzungushia panya mikunjo miwili, na binti yangu ameziba mdomo kwa mkono asipige kelele.

Morogoro ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na mama alikuwa ameshaamka, nikampigia.

"Shikamoo mama. Amekula."

"Marahaba. Nani, yule kamba wenu?" Kwao kukiwa bado giza, hasemi nyoka. "Alhamdulillahi. Mwacheni sasa alale."

Tulimwacha siku mbili bila kumgusa.