Vidole vitatu vya Papa

Leo mchana kwenye daladala nimesoma kisa kimoja cha mapapa wa zamani, mpaka sasa sijatulia.

Mwaka 897, Roma. Papa Stefano VI akaamuru maiti ya Papa Formosus ifukuliwe, na huyu alishakufa tangu 896, wakaivalisha mavazi ya kipapa wakaikalisha kwenye kiti ihukumiwe, shemasi ndo anaijibia maswali!

Wakamkuta na hatia.
Wakamkata vile vidole vitatu vya mkono wa kulia alivyokuwa anabarikia watu, mwisho mwili ukatupwa mto Tiber.

Stefano naye mwaka huohuo akanyongwa gerezani.

Mi Mkatoliki wa kuzaliwa, hii sijawahi kuisikia. Jioni padri alipoinua mkono kutubariki nikawa naviangalia vidole vyake tu, machozi yakanilenga.

Jamani nyie mlikuwa mnajua? Niambieni.