Ana Angeachwa Nje ya Mlango

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu ni Luka 2:22–38.

Wiki hii ya Julai 2020 nimekuwa na vita moyoni, na siwezi kuwaandikia habari nyingine huku hii ndiyo inayoninyima usingizi. Jumatatu tarehe 6 Julai sote tulikuwa tumetega masikio, nani kwa runinga, nani kwa redio, tukimsikiliza Rais wetu wa Kenya, Uhuru Kenyatta. Akasema nyumba za ibada zilizofungwa tangu Machi kwa sababu ya korona sasa zitafunguliwa hatua kwa hatua. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha yakaja masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie aliye chini ya miaka 13, wala aliyepita miaka 58, wala mwenye maradhi ya kudumu. Mimi nina miaka 64. Mjukuu wangu ana miaka tisa. Nyumbani kwetu watakaokwenda kanisani ni wale wa katikati tu.

Pasaka ya mwaka huu, tarehe 12 Aprili, tuliifanya mezani, kila nyumba kivyake, na hatukunung'unika sana kwa sababu sote tulikuwa nje. Mlango ulifungwa kwa wote. Tulizika wapendwa wetu tukiwa watu 15 tu kaburini, tukavumilia. Lakini huu mlango unaofunguliwa kwa wengine na kubaki umefungwa kwangu umeniuma kwa namna ambayo sikuitarajia. Zaburi ya 42 imekuwa yangu: "Jinsi nilivyokuwa nikienda na mkutano, na kuwaongoza nyumbani kwa Mungu, kwa sauti za furaha na kusifu." Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma masomo. Wiki hii nimeambiwa nimkabidhi kijana zamu yangu.

Nisieleweke vibaya. Masharti haya hayakuwekwa kwa chuki. Baraza la dini zote lililoshauri juu ya kufungua, chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri, lina Wakristo, Waislamu na Wahindu ndani yake, na kila mmoja wao ana wazee wake anaowapenda. Ugonjwa huu unawaua zaidi waliozeeka na wenye kisukari, presha na pumu. Na tunaopenda kuimba tukumbuke kwaya ile ya jimbo la Washington huko Marekani: mwezi Machi walikutana watu 61 kwa mazoezi ya jioni moja, zaidi ya 50 wakaugua, wawili wakafariki. Hawakufanya kosa lolote. Waliimba tu, kama tuimbavyo sisi. Kwa hiyo yeyote anayewaambia wazee kwamba mwenye imani haambukizwi, na waje tu, namwomba kwa jina la Bwana anyamaze. Shetani naye alimwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, na alikuwa na andiko mkononi.

Basi nitatii, na nitabaki nyumbani. Nilipoukubali utii huo ndipo nilipofungua Luka 2, nikasoma habari niliyoisoma mara nyingi mno, nikasimama.

Yosefu na Mariamu wanamleta mtoto hekaluni Yerusalemu. Ni maskini, sadaka yao ni ndege wawili. Hekalu limejaa watu na makuhani wako zamuni. Luka hatuambii kwamba kuhani yeyote aliinua macho. Mtoto wa Mungu anapita katikati ya ibada na ibada inaendelea. Wanaomtambua ni wawili. Mmoja ni Simeoni, umri wake hatuambiwi, lakini anaongea kama mtu aliyemaliza safari: "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani, kama ulivyosema." Mwingine ni Ana, mjane wa miaka themanini na minne, asiyetoka hekaluni, akiomba usiku na mchana.

Sasa weka pale mlangoni masharti yetu ya Julai. Ana harudi ndani. Simeoni huenda naye akazuiwa. Mtoto mwenyewe, wa siku 40 hivi, haruhusiwi. Wanaopita ni Yosefu na Mariamu, na hekalu lote la watu wazima wenye nguvu zao, ambao hawakuona kitu.

Wapendwa mlio kati ya miaka 13 na 58, hapa ndipo ninapotaka kusema nanyi, na mnivumilie nikisema kwa ukali kidogo. Tangu Jumanne nimeyasikia maneno ambayo hayafai midomoni mwa watu waliobatizwa. Orodha ya watu 100 haijaandikwa vizuri na tayari watu wanaigombania kama tiketi za basi la Krismasi. Kuna waliojiandikisha Jumapili zote za mwezi, wao na wake zao na watoto wao wakubwa, wasibakishe nafasi. Na kuna aliyesema, wengine wakamwitikia, kwamba sasa angalau ibada itakuwa fupi, maana wenye shuhuda ndefu hawatakuwepo. Ndugu yangu, shuhuda hizo ndefu ndizo zilizokujengea hilo kanisa. Wale akina mama walibeba mawe na maji kichwani wakati msingi unachimbwa, kabla wewe hujazaliwa. Walikufunga leso ukiwa mchanga wakakuombea ulipougua. Leo unafurahi kwamba hawapo?

Tena nasema kwa uchungu: kuna mama wa kanisa letu aliyeniambia kwamba tangu Aprili aliyempigia simu kutoka kanisani ni mweka hazina peke yake, kumpa namba ya kutumia sadaka kwa M-Pesa. Sadaka alituma. Baada ya hapo kimya. Tunawatangazia watu kwamba ibada iko kwenye Facebook, ilhali mama huyo ana kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti, na hata angekuwa na simu kubwa, bando angelitoa wapi? "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache," asema mwenye Zaburi ya 71. Anamwomba Mungu, naye Mungu hakumtupa. Sisi je?

Jumapili iliyopita, baada ya sala za nyumbani, nilivaa barakoa nikaenda hadi kwa mama huyo. Sikuingia. Alitoa kiti chake barazani, mimi nikasimama upande wa pili wa lango. Alikuwa amevaa sare yake ya Umoja wa Akina Mama, imepigwa pasi, na kitambaa kichwani, kama anayesubiri kengele ya ibada ya saa tatu. Mapajani alikuwa na daftari la shule, jalada la bluu limechakaa pembeni. Nikamuuliza ni la nini. Akanifungulia. Ni majina. Kuna ukurasa wa waliofutwa kazi hotelini tangu wageni wakatizwe, ufuo mzima ulipokuwa kimya. Kuna ukurasa wa wajawazito. Kuna wauguzi wetu, kila mmoja na hospitali yake. Kuna watoto, maana shule nazo zimesogezwa hadi Januari, na yeye anaogopa sana kwa ajili ya wasichana. Akaniuliza, "Mwanangu, binti wa mwenyekiti wa vijana alijifungua salama?" Sikujua. Mimi ninayesimama mbele kusoma Neno sikujua hata kwamba alikuwa karibu kujifungua. Mama amefungiwa ndani tangu Machi na analijua kanisa kuliko sisi tulio na funguo zake.

Nikamwambia, "Mama, wewe ndiye unayetuona." Akasema, "Nani atanifikishia habari zao sasa? Zamani nilikuwa naziona nyuso tu pale nje baada ya ibada, najua nani ana tatizo. Sasa naomba kwa kubahatisha."

Mmesikia? Anaomba kwa kubahatisha. Hicho ndicho kitakachotupotea ikiwa tutaingia kanisani Jumapili 100 kati yetu, tupimwe joto, tunawe, tukae mita moja na nusu, tuimbe ndani ya barakoa, turudi nyumbani tukidhani kanisa limefunguliwa. Kanisa linalokosa kina Ana linaweza kuendesha ibada safi kabisa, kwa saa moja barabara, na Bwana akapita ndani yake asitambuliwe na mtu. Hatutawatembelea wazee kwa kuwaonea huruma. Tunawahitaji. Wao ndio waliokaa na Mungu muda mrefu kiasi cha kujua anafananaje akija amebebwa na maskini.

Ninyi ndio Yosefu na Mariamu wa habari hii. Mnaruhusiwa kuingia. Basi mkiisha kuingia, mtoeni mtoto nje mumpeleke mikononi mwa Simeoni huko aliko. Mtu akitoka ibadani asiende moja kwa moja kula. Apitie lango la mzee mmoja. Asimame mbali, avae barakoa, asikumbatie, asiingie ndani hata akikaribishwa chai, na najua watawakaribisha. Amsomee somo la siku ile. Amwambie kasisi alihubiri nini. Aimbe naye ubeti mmoja wa tenzi. Halafu amwambie habari za watu, kwa majina: nani mgonjwa, nani amepata kazi, nani ameonekana amekonda. Mpe Mama habari za daftari lake. Asiyeweza kufika apige simu, na asipige kwa dakika mbili. Anayehitaji Meza ya Bwana, mwambieni kasisi. Yeye anaweza kumpelekea nyumbani, na ameniambia yuko tayari.

Nanyi wazee wenzangu, nina neno fupi. Yohana alikuwa peke yake kisiwani Patmo, hana kanisa wala kwaya, na bado aliandika, "Nalikuwa katika Roho, siku ya Bwana." Jumapili vaeni vizuri. Chukueni daftari. Na watoto walio chini ya miaka 13 wako nyumbani pamoja nasi. Shule ya Jumapili imefungwa lakini babu na nyanya hawajafungwa. Mimi na mjukuu wangu tumeanza Luka, na tumefika sura ya pili.

Katibu wa kanisa ana majina ya wazee wetu wote na mtaa wa kila mmoja. Anayejiandikisha kwa ibada, katika simu hiyo hiyo aombe jina moja la mzee na alichukue kwa mwezi mzima. Zamu yangu ya kusoma Jumapili nimemwachia kijana wetu, na somo nimemfanyisha mazoezi kwa simu, namwombea. Mama wa daftari bado hajapata mtu wa kumfikia. Ukiwa unaishi upande wa kivuko na una nafasi baada ya ibada ya kwanza, nitumie ujumbe kabla ya Ijumaa nikuelekeze kwake.