Nilivyopata mashamba ya kuchimba mashimo ya udongo Nachingwea bila ugomvi

Huku kwetu kusini ukionekana na sululu, koleo na mgeni mwenye GPS mnachimba shimo la mita moja na nusu kwenye shamba la korosho, hakuna atakayeamini mnatafuta udongo. Udongo si huo hapo juu tunaukanyaga? Kuna watakaosema mnatafuta rupia, zile sarafu za Mjerumani zinazosemekana zimefukiwa, wengine watasema madini, na tangu zile vurugu za gesi Mtwara mwaka 2013 watu wana jicho kali kwa yeyote anayekuja kupimapima ardhi. Mi siwalaumu kwa kweli.

Nilikuwa msaidizi wa timu ya watafiti wa udongo na hali ya hewa, wanaangalia kilimo cha sasa na cha zamani. Mambo ya maabara ni yao, kazi yangu ilikuwa wapate mashamba. Barua za wilaya walikuwa nazo, mihuri mpaka basi, na mtendaji wa kijiji alitupokea vizuri tu, ila barua haichimbi shimo, mwenye shamba akikataa ndo amekataa.

Sasa mi nikaenda kwa mjomba. Sisi Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, kwaiyo neno la mjomba kwenye mambo ya ardhi lina uzito ambao mtu wa ofisini hawezi kuujua. Nikamwamkia, tukaongea habari za ufuta na bei ya mbaazi weee, alafu ndo nikamwambia mjomba naomba tuanze kwako, shamba la pale njiani, tuchimbe mchana kila anayepita aone. Hakuuliza wanalipa nini wala wanatoka wapi, aliuliza "Mtafukia?" tu. Nikamwambia tutafukia, na udongo wa juu utarudi juu. Hapo ndo akalainika, maana mkulima anajua ule udongo mwekundu wa chini ukiachwa juu pale mahali panakaa hapana faida misimu kadhaa. Tukawa tunamwaga wa juu kwenye turubai moja, wa chini kwenye turubai lingine, na hii nawashauri wote mnaofanya kazi hizi muifanye hata kama mwenye shamba hajasema.

Watu wakajaa kama msibani. Mtafiti mmoja, dada wa Kitanzania, akashuka shimoni na kile kitabu cha rangi wanachoita Munsell akawa analinganisha kila tabaka, juu kahawia iliyofifia, chini nyekundu. Alafu akalowesha udongo kidogo akauminya kati ya kidole gumba na cha shahada kutengeneza utepe, ukitoka mrefu kuna mfinyanzi mwingi, ukikatika upesi mchanga ndo mwingi. Kuna bibi anafinyanga vyungu alikuwa amesimama pembeni, akasema hebu niletee, akausugua kiganjani mara moja akautupa, "Huu haushiki, nenda kule bondeni." Dada akacheka akaandika. Kuanzia pale nikaona mambo yamekaa sawa, maana wanakijiji walianza kubishana na watafiti badala ya kuwaogopa.

Kasheshe ilikuja kina cha kiwiko, tulipokuta vipande vya mkaa na vigae vya chungu. Kijana mmoja akapiga kelele rupia hizooo! Mkaa ulichukuliwa kwa kijiko bila kushikwa na mkono ukafungwa kwenye foili, na mi nikapanda juu ya kifusi nikaanza kueleza kwa nguvu kwamba ndani ya mkaa kuna aina ya kaboni inayopungua nusu kila miaka kama 5,730, wakiipima watajua mti ule uliishi zamani kiasi gani, kwaiyo huenda tukajua lini watu walifyeka msitu hapa wakalima. Sina uhakika waliikubali kaboni. Walichokubali ni pale nilipowapitishia vigae mkononi waone havina thamani. Tena ubishi uliokuwa mtamu kuliko wote ni wa korosho, mzee mmoja aligoma kabisa kwamba zimeletwa na Wareno kutoka Brazili, akasema babu yake alizikuta. Sawa, alizikuta, lakini ndo zililetwa.

Upande wa mvua nako kuna namna yake. Ukimuuliza mzee "zamani mvua zilikuwaje" atakujibu zilikuwa nyingi, basi, umeishia hapo. Mi nikawa naanzia kwenye tukio: kile kimbunga kilichopiga Lindi 1952 mlikuwa wapi, mlipohamishiwa vijiji vya ujamaa mlivuna nini, mvua za El Niño za 1997 na 98 zilibeba nini. Hapo maneno yanatoka yenyewe mpaka daftari linajaa. Babu mmoja ambaye baba yake alikuwa kibarua kwenye mradi wa karanga wa Waingereza alikumbuka treni ya kwenda Mtwara, reli iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Mradi ule ulianza 1947, wakataka ekari zaidi ya milioni tatu, Kongwa, Urambo na hapa kwetu, na 1951 ukafa baada ya kula mamilioni ya pauni, maana walileta matrekta kabla ya kuujua udongo na mvua. Babu akamgeukia mtafiti, "Nyie angalau mmeanza na shimo, mjukuu wangu."

Sampuli za kawaida zilikuwa rahisi ila kwenye korosho kuna jambo la kuzingatia. Miti inapuliziwa salfa kila mwaka kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ungaunga mweupe, na salfa huongeza tindikali kwenye udongo, kwaiyo udongo wa chini ya mti na wa kati ya mistari usiuchanganye ndoo moja. Kausha kivulini, andika lebo kwa penseli maana wino unafutika kwa unyevu, na kaa mbali na kichuguu.

Majibu ya mashamba yalivyotoka nilikomaa yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, yabandikwe ofisi ya kijiji. Walichelewa na nikawasumbua kwenye simu mpaka wakachoka na mi. Kwa mjomba chini ya mikorosho tindikali ilikuwa juu kuliko nje ya kivuli, akaambiwa aangalie habari ya chokaa ya kupunguza tindikali, akauliza bei, akanyamaza. Wengine sasa wananiuliza lini watakuja kuchimba kwao, na jibu sina, mradi wenyewe umeisha.

Na kwa mnaoitwa kwenye kazi hizi, posho ya vibarua wa kuchimba ikubaliwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kabla koleo halijagusa ardhi, na wachimbaji watoke kitongoji hichohicho.