Leo nani kaondoka mikono mitupu?

Nina duka la vifaa vya ujenzi na vijana wanne, na kama na wewe ni bosi wa watu unaijua ile ya asubuhi, "vipi, kila kitu kiko sawa?", jibu linarudi fasta "sawa bosi". Lile sio swali jamani, ile ni salamu. Mtu umeshamchagulia jibu, unategemea akwambie nini?

Siku hizi jioni tukifunga hesabu nauliza hivi, leo nani kaondoka mikono mitupu na alikuwa anataka nini? Daftari la mauzo halina hiyo habari kabisa, linaandika kilichouzwa tu, aliyegeuka mlangoni halimjui. Mara ya kwanza wakatazamana, halafu dogo wa stoo akasema kuna mafundi bomba wanaulizia koki za plastiki za nusu inchi, sisi tunazo za chuma tu, tena wanakuja karibu kila siku. Kila siku! Na tulikuwa tunajua mauzo ya koki yako chini, tukadhani ni msimu. Na ndo maana namuuliza huyo dogo kwanza, sababu akishaongea msimamizi wote waliobaki ni "kama alivyosema kaka" basi, kikao kimeisha.

Cheki hata M-Pesa. Safaricom walipoanza kuijaribu 2005 kule Kenya, wazo lilikuwa wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, warudishe mikopo yao kwa simu. Wangeuliza "kulipa mkopo kwa simu mmependa?" nadhani wangepata ndiyo za kujaza gunia, lakini wao wakaangalia watu wanaitumia kufanyia nini hasa, wakakuta wanatumiana hela wenyewe kwa wenyewe, sio kulipa mkopo tu. Machi 2007 huduma ikaingia sokoni kama njia ya kutuma pesa nyumbani, marejesho ya mkopo yakakaa pembeni.

Kitu kingine, kukitokea kosa, "nani kafanya hivi?" nimeiweka kando, maana hiyo ukiuliza unapewa jina la aliyeenda likizo. Nauliza "ilianzaje?" na hapo unasikia mpaka habari za bodaboda aliyeleta mzigo usiku.

Koki za plastiki zimeingia na zinatoka. Sasa nawataka wale mafundi ambao hata mlangoni hawafiki, wananunua wapi na kwa nini, ila hao itabidi niwafuate saiti.