Injini ileile, lori lilelile

Jumapili usiku, mwisho wa Oktoba, Minnesota

Tangu nivue boneti la lile lori, kila anayepita hapa nyumbani ana swali moja: injini yake imekufa, kwa nini usifunge nyingine, ya Cummins? Jirani kauliza, mleta vifurushi kauliza, na jana mjomba naye kauliza kwa video, yuko gereji mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mkono mmoja simu, mwingine spana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hebu geuza simu nilione. Sasa hilo lidude unalirudishia injini ya zamani ya nini? Mimi hapa ningekuwekea Isuzu na siku hiyohiyo ukaondoka."

Najua angeweza. Nimekua nikimwona akitundika cheni bloku kwenye tawi la mwembe na kushusha injini ya Fuso ndani ya lori ambalo aliyelitengeneza hakuwahi kuota Fuso. Lakini nina sababu zangu, na nimechoka kuzieleza kwa mdomo, acha niziandike.

Lori ni M35A2 la jeshi la Marekani. Ekseli tatu, zote zinavuta, matairi kumi. Kwenye vitabu ni lori la tani 2½, yaani mzigo linaoruhusiwa kubeba nje ya barabara. Lenyewe likiwa tupu lina karibu tani 6. Usanifu wake ulianzia kampuni ya REO ya Lansing, Michigan, miaka ya 1940 ikielekea ukingoni, na jeshi likaendelea nalo kwa miongo mingi. Yakichokwa hupigwa mnada, raia tunanunua. Nililinunua kwa ajili ya kubeba kuni, na kwa sababu nililipenda. Mama watoto anaifahamu hiyo sababu ya pili kuliko ya kwanza.

Injini yake ndiyo iliyonipa ugonjwa. Ni LDT-465, silinda sita kwa mstari, lita 7.8, ina turbo, na bado nguvu zake ni kama farasi 130 tu. Hakuna anayeinunua kwa ajili ya mbio. Ilitengenezwa iweze kula chochote kitakachopatikana vitani: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata petroli ukiichanganya na oili. Mbinu ya uchomaji ilitoka kwa Wajerumani wa MAN: juu ya pistoni kuna shimo la duara kama bakuli, na nozeli inapulizia mafuta kwenye ukuta wa lile shimo badala ya kuyarusha hewani, yakaungua taratibu bila kugonga. Mgandamizo ni 22 kwa 1. Pembeni ya pampu kuna kidude kinachopima uzito wa mafuta na kuongeza au kupunguza kipimo chenyewe. Mhandisi aliyekaa akafikiria hivyo namvulia kofia.

Udhaifu wake uko kwenye mizunguko. Mwisho ni 2,600 kwa dakika, basi. Gavana, kifaa cha kudhibiti mizunguko, inaizuia isizidi ukikanyaga mafuta, lakini ukiteremka mlima kwa gia ndogo magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na gavana haina la kufanya hapo. Konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti ya injini, zinavumilia, zinavumilia, kisha siku moja inatoka moja inatoboa bloku. Yangu haikufika huko. Ilianza kunoki, nikamwaga oili, na kwenye beseni nikaona vumbi linalometameta, la rangi ya shaba. Hizo ni beringi. Nikalizima na sikuliwasha tena.

Sasa Cummins. 6BT, ile ya lita 5.9, ni injini nzuri na sitaisema vibaya. Ni nyepesi, ina nguvu, spea zake zipo kila kona ya nchi hii. Ina pini moja ndogo ya chuma nyuma ya kava la gia za mbele ambayo inaweza kulegea na kudondokea kwenye meno ya gia, ila dawa yake ni kipande cha bati na bolti. Shida si yenyewe. Shida ni kwamba ukishaifunga humo hakuna kitu kingine kinachoikubali: kipande cha kuiunganisha na gia boksi ukichongeshe, mauntini za kuishikilia uchomelee upya, mabomba ya rejeta yageuzwe, ekzosi ipite upande mwingine, starta na alteneta za volti 12 zipatane na lori la volti 24. Kila kimoja kinawezekana. Nimeona malori ya namna hii kwenye viwanja vya watu, injini mpya imeshakaa mahali pake, nyasi zimefika kwenye kitasa cha mlango, na mwenyewe anasubiri kipande kimoja. Mjomba anaweza kwa sababu fundi wa kuchonga yuko mlango wa pili na wa kuchomelea yuko ng'ambo ya barabara. Mimi niko peke yangu na theluji inakuja.

Halafu nikapata injini ya aina ileile, iliyo kwenye kopo. Jeshi lilipofanyia injini ovahoo lilizihifadhi ndani ya makopo makubwa ya chuma, nusu mbili zimekutanishwa kwa bolti kuzunguka kiuno, mpira katikati, na vifuko vya kufyonza unyevu ndani. Kuna vali ya kutoa upepo uliobanwa ndani. Unaifungua kwanza ndipo ushike spana. Kifuniko kiliponyanyuliwa nikaona chuma kilichopakwa mafuta mazito ya kahawia, kila tundu limezibwa, na kibao kidogo kinachosema hii imeshafanyiwa ovahoo. Lakini kukaa sana nako ni ugonjwa. Pampu za injini hizi zikilala miaka hukwama ndani, kwa hiyo nilihangaika nayo ikiwa bado chini: dizeli safi, subira, kuizungusha injini kwa mkono na upau mpaka pampu ikaanza kusukuma bila kusita. Afadhali ijulikane chini kuliko juu.

Kunyanyua, ambako ndiko watu hupiga picha, ni sehemu fupi kabisa. Injini ina karibu kilo 700 na vifaa vyake. Ile kreni ya magurudumu wanayokodisha madukani imeandikwa tani 2, ila tani 2 hizo ni mkono ukiwa umerudishwa ndani. Pua ya lori hili ni ndefu, bampa liko mbele huko, kwa hiyo mkono lazima uurefushe wote, na ukiurefusha wote kreni hiyohiyo inaruhusiwa nusu tani. Hesabu imekataa. Nikaazima fremu ya chuma yenye boriti juu, nikaning'iniza cheni bloku, injini ikapanda wima, lori likasukumwa nyuma.

Jasho lilitutoka kwenye kuirudisha. Gia boksi niliiacha kwenye chesisi, imeshikiliwa na jeki na cheni, kwa hiyo shafti yake ilibidi iingie katikati ya klachi pleti huku injini inaelea hewani. Jirani yangu ni mzee aliyewahi kuendesha malori haya jeshini. Alilala chini na tochi, mimi niko juu na cheni. "Shusha. Kidogo. Umezidi. Pandisha." Nafasi kati ya hauzingi ya klachi na injini ilibaki kama upana wa kidole, ikagoma. Kishawishi ni kuchukua bolti ndefu na kuvuta kwa nguvu. Ukifanya hivyo unapinda klachi pleti na unafungua tena kila kitu. Mzee akaingiza gia, akaenda nyuma akazungusha propela, ile shafti inayotoka gia boksi, kwa mkono, nusu ya nusu ya mzunguko, na meno yakapatana. Injini ikasogea yenyewe mpaka vyuma vikagusana. Hatukusema kitu, tulifunga bolti upesi kabla haijabadili mawazo.

Leo alasiri tumeiwasha. Lori hili halina ufunguo. Kuna swichi ya kugeuza na kitufe cha starta. Kwanza nilivuta waya wa kuzimia ili isipate dizeli, nikapiga starta kwa vipindi hadi sindano ya kipimo cha oili ikapanda, maana turbo ikizunguka kavu umeiua. Pampu ya umeme iko ndani ya tangi, kwa hiyo kutoa upepo kwenye mabomba ya dizeli si kazi. Mzee alisimama karibu na mdomo wa hewa akiwa na kipande cha ubao. Injini ya dizeli ikishindikana kuzimwa, dawa ni kuinyima pumzi, na kwa pampu iliyolala miaka sikutaka kubahatisha.

Ubao haukuhitajika. Ilikohoa moshi mweupe mpaka barabarani, ikatulia, turbo ikaanza kupiga mluzi. Oili shwari. Bomba moja la dizeli linalia machozi kwenye nati. Nitaibana kesho ikiwa ya baridi. Nilimtumia mjomba sauti. Amejibu: "Inaimba. Lakini Isuzu ingekuwa imeshafika Chalinze."

Barabarani halitoki bado. Breki zake zote zinategemea silinda kuu moja, upepo unasaidia tu kusukuma. Hosi moja ikipasuka, kanyagio linazama na magurudumu yote yanakosa breki. Hosi mpya zimeagizwa, na nikiwa huko chini nitakagua mabomba ya chuma pia. Mama watoto anataka kujua gari lake litarudi lini bandani kabla ya theluji. Nimemwambia mara injini mbovu itakapoondoka. Akauliza inaondoka lini. Nimemwambia nataka kwanza niifungue nione ni konrodi ipi.